Mwanamke wa Vipimo Vitatu

Mama alinipa mpaka saa kumi na mbili jioni. Aliniambia hivyo huku akinifungia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa, kwa sauti ile ile anayotumia kunikumbusha nisiache kofia.

"Shangazi wa yule mwenye duka la dawa atapiga simu saa kumi na mbili kamili," alisema. "Ukikubali posa, nitamwambia. Ukikataa, nitamwambia. Ila sitamwambia 'bado anafikiria' kwa mara ya tatu. Mtoto wa watu hawekwi kiporo."

"Sawa, Mama."

"Sawa gani? Kila siku sawa, sawa. Huko mnakokwenda ukafikiri. Usikae unacheka na huyo rafiki yako mpaka jua linazama."

Huyo rafiki yangu alikwisha kufika. Nilimwona dirishani, amesimama nje ya geti na viatu vyake vya kazi, anaangalia ukuta wetu kama anayetafuta mahali ulipopinda. Ni mpima ardhi, na mtaa mzima unamwita Mpima. Miaka tisa iliyopita aliingia kibandani kwangu na suruali iliyotoboka magoti yote mawili, nikamcheka, naye akacheka, nikamwekea viraka. Mimi ni fundi cherehani. Tangu siku ile, suruali zake zote huja kufia mikononi mwangu, na kila kiangazi, Jumamosi moja ya likizo yake, tunatembea kwa miguu kutoka mjini hadi kwenye kilima chenye nguzo nyeupe ya upimaji, tunakula, tunarudi. Ni safari ya kutwa. Hatujawahi kuikosa hata mwaka mmoja.

Mwaka huu nilikaribia kusema naumwa.

Sababu ilikuwa kipande cha karatasi. Wiki tatu kabla, Mpima aliniwekea karatasi hiyo juu ya meza ya kukatia, imekunjwa mara nne, kisha akaanza kuchezea pini zangu moja baada ya nyingine.

"Nishonee gauni," alisema.

"La nani?"

"La mtu." Akachomoa pini nyingine. "Mtu ninayetaka kumpeleka kwa mama. Rasmi."

Nilishukuru kwamba nilikuwa nimekaa. Nikafungua karatasi. Kulikuwa na namba tatu tu: kifua 44, kiuno 34, nyonga 47.

"Urefu?"

"Urefu ni kama wako."

"Rangi?"

"Chagua wewe, unayoipenda."

Akaondoka mbiombio kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mimi nikabaki na karatasi. Sisi mafundi tunapima kwa inchi, na ukishona miaka mingi huhitaji kumwona mtu, namba zinakuletea mwili mzima mbele ya meza. Arobaini na nne, thelathini na nne, arobaini na saba. Huyo ni mwanamke aliyejaaliwa! Mwanamke akiingia chumbani, viti vinajua. Na mimi ambaye Mama huniita mpini wa ufagio nilikaa pale nikimshonea gauni la zambarau, mshono kwa mshono, na kila mshono nikimchukia zaidi. Nilimpa jina kabisa: Bibi Arobaini na Saba. Kazi niliifanya vizuri, hilo siwezi kulikana. Sijawahi kushona gauni zuri kama lile, na sijawahi kulia juu ya kitambaa ila mara ile.

Basi nikapiga moyo konde, nikavaa kofia, nikatoka.

"Habari ya asubuhi, Fundi," alisema. "Umechelewa dakika sita."

"Nishtaki."

Alicheka. Alikuwa na furaha ya kuudhi asubuhi ile. Aliupokea mfuko wangu, akaubeba pamoja na wake, tukashika barabara ya lami hadi inapokwisha, pale penye gereji ya mwisho na kibao cha kuonya magari. Baada ya hapo ni njia ya vumbi, na mashamba ya alizeti pande zote mbili, maua yote yametugeuzia visogo. Saa moja na nusu ya asubuhi, na jua lilikwisha kuanza kazi.

Kwa kawaida hapo ndipo tunapoanza kusimuliana mambo ya mwaka mzima. Yeye huniambia habari za porini, mahema, mvua, mpishi wao anayeunguza kila kitu. Mimi humwambia habari za wateja. Safari hii alikuwa akipiga mluzi, nami nikijitia hamnazo.

"Gauni limekwisha?" aliuliza hatimaye, bila kuniangalia.

"Tangu juzi."

"Limekaaje?"

"Limekaa vizuri sana. Kwenye hanga."

Alicheka tena, kicheko cha mtu aliyeambiwa siri tamu. Nikaona huyu mwenzangu mapenzi yamemharibu akili.

"Anajua kwamba unamshonea?" nikamuuliza.

"Nafikiri anajua."

"Unafikiri?"

"Hajasema kitu. Lakini hajakataa." Alijikuna shingo, na masikio yake yakawa mekundu kwa jua au kwa kitu kingine. "Wewe unanijua, Fundi. Mimi domo zege. Nikisimama mbele yake maneno yananikimbia."

"Mbona kwangu unaongea mpaka unachosha?"

"Tukiongea ya viraka, naongea."

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilitoa yai, nikaligonga kwenye paji la uso wangu kama tunavyofanya kila mwaka, nikaanza kulimenya.

"Anapenda kutembea?" niliendelea. Mtu akiwa na kidonda hawezi kuacha kukigusa.

"Anapenda. Ila mlima ukianza, analalamika mpaka kileleni."

"Simlaumu." Na kimoyomoyo nikasema, kwa nyonga zile, hata mimi ningelalamika. "Anakula vizuri?"

"Mayai! Anaweza kumaliza matatu bila kukumbuka kwamba mwenzake yupo."

"Nilijua," nikasema kwa uchungu, na kumalizia la pili.

Aliniangalia hapo. Sitaki kutia chumvi, lakini aliniangalia vile mtu anavyoangalia nyumba yake akitoka safari. Mimi nikadhani anamfikiria yule mwanamke, kwamba mimi nimekuwa dirisha tu la kumwonea mwingine. Moyo uliniuma mpaka nikaongeza mwendo, yeye akabaki nyuma na mifuko yake miwili.

Mto tuliukuta umekauka nusu. Kuna mawe ya kuvukia, saba makubwa, na kila mwaka hunipa mkono kwenye lile la nne kwa sababu linacheza. Alisimama juu yake, akanyoosha mkono. Niliushika. Ulikuwa mkavu, mgumu, wenye makovu madogo ya miiba, na nilifikiri, huu ni mwaka wa mwisho kuushika. Mwakani atakuwa anamvusha Bibi Arobaini na Saba.

Nikamwambia pale pale, juu ya jiwe.

"Ninaposwa."

Mkono wake haukuniachia, lakini ulikufa ndani ya wangu.

"Na nani?"

"Mwenye duka la dawa, lile la kona. Shangazi yake anataka jibu leo saa kumi na mbili."

"Leo?"

"Leo."

Maji yalipita chini yetu. Aliyaangalia kama yana kitu kilichoandikwa.

"Ni mtu mzuri?" aliuliza.

"Mzuri. Mpole. Kila jioni anamwachia msaidizi wake duka, anapita kibandani, anakaa saa nzima, anauliza kama nimekula. Mama anampenda kwa sababu anafunga duka saa mbili na saa mbili na robo yuko nyumbani kwake."

"Na wewe?"

Mtu mwenye akili angejibu swali lile. Mimi nilijibu lingine. "Mwanamke hawezi kukaa anasubiri tu. Kila mtu ana wake siku hizi."

Akanivusha mpaka ng'ambo, kwa uangalifu, kisha akaniachia.

"Basi hongera, Fundi," alisema.

Hongera! Nilitamani kumrudisha mtoni na mifuko yake. Kuanzia hapo mluzi ulikwisha. Tulipanda kwenye msitu wa misonobari mmoja nyuma ya mwingine, yeye mbele, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sikulalamika mlimani. Sikuwa na pumzi ya kulalamikia. Nilikuwa naangalia suruali yake kwa nyuma, mishono yangu ilivyoshikilia, na nikajikaza kisabuni nisilie.

Tulifika kileleni karibu saa saba. Ile nguzo nyeupe ina kivuli chembamba, na hapo ndipo tunapokaa, mgongo wake upande mmoja na wangu upande mwingine, tunaangalia mabonde tofauti. Alinimiminia chai ya chupa. Alinipa mkate. Heshima zote alinipa, ila neno hakunipa. Chini kule mji ulikuwa mdogo na tulivu, mapaa yanamemetuka, na upepo ulikuwa wa joto lakini ulikuwa upepo.

Nikaona tusiachane kwa kununiana. Miaka tisa si mchezo.

"Sikiliza," nilisema kwa upande wangu wa nguzo. "Mlete Jumatatu ajaribu gauni. Kwa mwili kama ule siwezi kulikabidhi bila kumwona. Inabidi niangalie kama halimbani kwapani."

Sauti ikatoka upande wake: "Mwili kama upi?"

"Wake. Mwili uliojaa. Si vibaya, umependeza, mimi nasema tu kwamba ukimkatia mtu wa kifua cha arobaini na nne bila kumjaribisha, utamwumiza."

"Wewe unamwita mnene?"

"Simwiti kitu! Namba ndizo zinazomwita. Inchi arobaini na nne, thelathini na nne, arobaini na..."

"Inchi?"

Aliinuka. Akazunguka nguzo, akasimama mbele yangu na kikombe mkononi.

"Inchi?" alirudia. "Nani kakwambia inchi?"

"Sasa ni nini, maili?"

"Sentimita! Mimi nimepima kwa mita maisha yangu yote. Kwetu hata hatuandiki, kila mtu anajua."

"Sentimita arobaini na nne?" Nilimcheka usoni. "Mpima, hicho ni kifua cha mtoto mchanga. Unataka kumpeleka mtoto mchanga kwa mama yako?"

"Si nimepima gauni likiwa limelazwa!" Alianza kuonyesha kwa mikono, chai ikamwagikia kwenye viatu. "Nimelilaza kitandani, nikapima kutoka ukingo huu mpaka ukingo huu. Shamba hulipimi kwa kulizungusha, unalipima kama lilivyo kwenye karatasi."

"Upande mmoja tu?"

"Lina pande ngapi?"

Fundi yeyote angecheka hapo mpaka kesho. Huyu bwana alikuwa amepima nusu ya gauni, kwa sentimita, asiandike ni kipimo gani, akaniletea mimi ninayesoma inchi hata usingizini. Lakini nilikuwa sijafikia kicheko. Kichwani nilikwisha kuanza kuzidisha kwa mbili, kama kazi tu, kwa mazoea. Themanini na nane. Sitini na nane. Tisini na nne.

"Gauni la nani ulilolilaza kitandani?" niliuliza polepole.

Alikung'uta chai kwenye kiatu.

"Mpima. Gauni gani?"

"La kijani," alisema akiviangalia viatu vyake. "Ulikuja kwa mama kupima mapazia, mvua ikakunyeshea, akakupa nguo zake. Lako likabaki kwetu wiki nzima limeanikwa."

Siku zote nina futi yangu ya kitambaa shingoni, hata kanisani Mama hunipigia kelele niivue. Niliivua sasa, nikaigeuza upande wa sentimita. Nikaizungusha kifuani kwangu, pale pale mbele yake, juu ya blauzi. Kisha kiunoni. Kisha nyongani. Nikaacha sentimita chache za nafasi, kama ninavyowaachia wateja. Namba zilikuwa zinacheza, lakini zilikuwa ni zile zile.

Kinyozi hajinyoi. Nimewapima nusu ya wanawake wa mji ule, na mwili pekee ambao sikuwa na habari zake ulikuwa wangu. Nguo zangu nazikata kwa macho, kwa kukisia, usiku nikichoka.

"Nilidhani utasoma ujijue," alisema. "Mimi ukiniletea ramani ya kiwanja nilichopima mwaka wa kwanza wa kazi, nakitambua hata bila jina. Nikasema, fundi huyu hawezi asijue vipimo vyake mwenyewe. Nikaona umepokea karatasi, hukusema hapana, umechagua rangi, umeshona. Nikajua umekubali. Wiki tatu nimetembea juu ya mawingu. Mpaka leo mtoni."

"Wiki tatu!" Nilimpiga na kofia. "Wiki tatu namchukia mwanamke ambaye hayupo! Nimempa mpaka jina!"

"Jina gani?"

"Hukuhusu!" Nikampiga tena. "Mdomo una kazi gani, wewe? Si ungesema tu?"

"Nimekwambia mimi domo zege."

"Domo zege na ubongo zege!"

Alivumilia kofia mpaka mkono wangu ulipochoka, kisha akaushika. Safari hii mkono wake haukuwa umekufa. Tulikaa chini, upande mmoja wa nguzo, mabega yakigusana, tukiangalia bonde moja. Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka kwamba nilicheka mpaka machozi, na kwamba machozi yaliendelea kidogo baada ya kicheko kwisha, na yeye aliyafuta kwa kidole gumba. Nilimpenda mpaka nikaogopa.

Kisha akaharibu. Au niseme, akafanya jambo la kiungwana ambalo wakati ule niliona ameharibu.

"Saa kumi na mbili bado ipo," alisema. "Na mimi sitaki kukuchukua kwa kukuficha kitu. Yule bwana anafunga duka, anarudi nyumbani. Mimi Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile inayofuata, naondoka, tunapima barabara mpya, miezi minne. Nikirudi nitakaa miezi miwili, nitaondoka tena. Naweza kukudanganya kwamba nitaacha. Siachi. Naipenda kazi yangu, kama wewe unavyoipenda yako."

"Mama hatakubali," nilisema.

"Najua."

Alijua kwa sababu mtaa mzima unajua. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama alizaa watoto watatu, na mara zote tatu aliyekuwa barabarani ni baba. Alipaka rangi nyumba peke yake, alizika wazazi wake peke yake, na jioni zote za utoto wangu nilimwona akienda dirishani kila lori likipita. Nilipotimiza miaka kumi na minane alinikalisha akaniambia: "Uolewe na fundi, au mwalimu, au mwuza mkaa, ila asiwe mtu wa safari. Nisikuone dirishani." Hakuwa na ugomvi na Mpima kama mtu. Alimkaribisha, alimkaangia mayai. Ni safari zake ndizo zilizokuwa zinaingia nyumbani nyuma yake.

"Nipe mpaka tufike," nilimwambia.

"Chukua."

Tukateremka. Kuteremka ni kwepesi kwa miguu, si kwa kichwa. Msituni kulikuwa na ubaridi na harufu ya utomvu, na yeye alitembea hatua chache mbele, asinisumbue, kila baada ya muda akigeuka kuona kama nipo. Nami nilikuwa najipima, kwa mara ya pili siku ile.

Niliufikiria mwaka wangu. Miezi minane kati ya kumi na miwili huyu mtu hayupo mjini. Nilikuwa nafanya nini miezi hiyo? Nilikuwa nashona. Nagombana na wateja, nacheka na Mama, nalala usingizi mzuri. Sikuwahi kwenda dirishani. Lakini siku suruali iliyotoboka magoti ilipotua mezani kwangu, wiki nzima nilikuwa naimba. Kisha nikamfikiria mwenye duka la dawa, mtu asiye na kosa hata moja duniani, anayekaa kibandani kwangu kila jioni. Nikakumbuka ninavyoitazama saa. Nikagundua kwamba yule nahesabu dakika aondoke, na huyu nahesabu miezi arudi. Baada ya hapo hakukuwa na la kufikiri, kulikuwa na la kuogopa tu, nalo lilikuwa limekaa nyumbani na simu mezani.

Kwenye mawe ya mtoni nilimsimamisha.

"Nimeamua," nilisema. "Ila sikwambii wewe kwanza. Nitamwambia Mama."

"Na mimi nitajua lini?"

"Utasikia ukiwa umesimama pale pale."

"Mbele ya Mama?"

"Mbele ya Mama. Umeninyima maneno wiki tatu, na mimi nakunyima saa mbili. Twende."

Mashamba ya alizeti yalikuwa sasa yanatutazama usoni, na jua lilikuwa limelegea, la rangi ya chai. Hakupiga mluzi. Nilimwona akikaza na kulegeza ngumi kama mtoto anayekwenda kusomewa matokeo. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Tuliingia getini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mama alikuwa sebuleni, amekaa wima kwenye kiti cha baba, simu imelala mbele yake juu ya kitambaa cha meza. Aliniangalia mimi, akamwangalia Mpima aliyegandia mlangoni na mifuko miwili na vumbi mpaka magotini, na nikaona uso wake ukielewa kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, Mama," alisema Mpima.

"Marahaba." Hakumwambia ingia. "Unaondoka lini safari hii?"

"Jumatatu, siku tisa kutoka leo."

"Muda gani?"

"Miezi minne."

"Na huko simu inashika?"

Angeweza kudanganya. Nilimwona akiliona shimo na kulivuka. "Hapana, Mama. Mara moja kwa wiki, tukienda kuchukua maji mjini."

Mama alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Baba yake alikuwa ananiambia inashika kila mahali," alisema. "Nilikuwa nakaa na simu mpaka inazimika."

Nilikwenda nikapiga magoti karibu na kiti chake. Miguu iliniuma ya safari na sikujali.

"Mama, nampenda huyu," nilisema. "Nimempenda miaka mingi, nilikuwa sijui kujisoma. Yule mwenye duka ni mtu mwema, na kwa sababu ni mtu mwema sitaki kumpa mke anayeangalia saa. Huyu ataondoka. Najua. Akiondoka mimi nina cherehani yangu, nina wateja wangu, nina wewe. Sitakaa dirishani."

"Wote tunasema hivyo."

"Basi nijibu swali moja. Ungerudi nyuma mpaka siku ile baba alipokuja kukuposa, na ukijua yote unayoyajua sasa, ungemkataa?"

Mtaani lori lilipita, vioo vikatetemeka kidogo, na nikaona shingo yake ikianza kugeukia dirishani, kisha ikasita. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Watoto tulimhurumia tu siku zote, na huruma haina maswali.

"Nisingemkataa," alisema. "Mungu angenirudishia asubuhi moja tu ya kumfungulia geti, ningempa nyumba hii yote."

Simu ikalia. Tulishtuka wote watatu. Mama aliifuta kwa ncha ya kitenge, akajifuta macho kwa ncha hiyo hiyo, akaipokea.

"Ndiyo, dada yangu. Salama kabisa. Ndiyo, amerudi." Aliniangalia. "Mwanao ni kijana mzuri, na sisi tumemheshimu sana. Lakini nikuombe radhi, dada. Binti yangu ana mtu wake."

Nyuma yangu mifuko miwili ilianguka sakafuni.

"Ndiyo," Mama aliendelea. "Ndiyo, yupo. Hapana, si wa karibu. Wa mbali kidogo. Asante, dada, na wewe pia."

Aliiweka simu chini, akaipanga sawa na ukingo wa meza. Kisha akamtazama Mpima, ambaye alikuwa hajasogea hata hatua moja na alikuwa analia bila aibu yoyote, mikono imening'inia.

"Umesema una siku ngapi kabla hujaondoka?"

"Tisa, Mama."

"Basi ingia, mwanangu, ukae," alisema Mama. "Tisa ni chache. Usizimalizie mlangoni."